Majaribio yakifeli, nani atamtunza aliyebaki na nyaya ubongoni?

MWAKA wa 2013, kampuni ya St. Jude Medical ya Marekani ilisitisha majaribio makubwa ya kutibu sonona kwa umeme unaopitishwa ndani ya ubongo. Hesabu zilizofanywa kabla ya majaribio kukamilika zilionyesha kwamba uwezekano wa kifaa hicho kuthibitisha ubora wake ulikuwa mdogo mno. Haikuwa na maana kuendelea kuwapasua watu vichwa.

Kwa wenye hisa na wataalamu wa takwimu, jambo hilo liliishia hapo. Lakini walikuwepo watu 90 ambao tayari walikuwa wametobolewa mafuvu, wakapitishiwa nyaya hadi katika kina cha ubongo na kushonewa betri kifuani. Baadhi yao walikuwa wakisema kwamba wamepata nafuu ambayo hawakuwa wameionja kwa miaka mingi. Kwa mujibu wa hesabu, tiba ilikuwa imefeli. Kwa mujibu wao, ilikuwa imewarudisha mezani kula na watoto wao.

Huu ndio mkanganyiko ambao umeiandama tiba hii hadi leo. Swali la iwapo umeme unaweza kuponya huzuni ni zito, na wanasayansi wamelishughulikia kwa bidii. Swali la pili, kwamba ni nani anayewajibika kwa mtu aliyebaki na mashine kichwani baada ya watafiti kufunga madaftari yao, halijashughulikiwa kwa bidii hiyo.

Ni vyema kwanza kueleza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa lugha ya kila siku huupunguzia uzito. Wengi huuita msongo wa mawazo, kana kwamba ni mawazo ya karo au ya kodi ya nyumba ambayo mshahara ukiingia huondoka. Sonona si hivyo. Ni maradhi yanayomnyima mtu usingizi au kumlaza mchana kutwa, yanayomwondolea hamu ya chakula, kazi na hata watoto wake, na ambayo yakikithiri humfanya aone kifo kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 wanaugua sonona ulimwenguni.

Wengi wao husaidika wakipata matibabu. Lakini si wote. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2006 uliwafuatilia takriban wagonjwa 4,000 kupitia hatua nne za matibabu, dawa moja ikishindwa wakajaribiwa nyingine. Ni thuluthi moja hivi tu waliopona kwa dawa ya kwanza, na kila hatua iliyofuata iliponya wachache kuliko iliyotangulia. Ilitangazwa kwamba hata baada ya hatua zote nne, takriban mtu mmoja kati ya watatu angebaki mgonjwa. Watafiti walioipitia upya data hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2023 walidai kwamba waliopona walikuwa wachache hata kuliko hao.

Kwa wale ambao dawa na mazungumzo na washauri havijawafaa, kuna tiba ya kupitisha umeme kichwani mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Tiba hiyo ilianzia jijini Rome mwaka wa 1938 na licha ya sifa mbaya iliyopewa na filamu, ingali miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi dhidi ya sonona kali. Tatizo lake ni kwamba nafuu aghalabu haidumu. Kuna wagonjwa ambao wamepitia hayo yote, baadhi yao zaidi ya mara moja, na bado hawajainuka. Hao ndio wanaozungumziwa hapa.

Tiba ya kuuchochea ubongo kutoka ndani haikuanza na huzuni, bali na mtetemeko. Mnamo 1987 mjini Grenoble, Ufaransa, daktari mpasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid alikuwa akiwatibu watu wenye kutetemeka mwili. Wakati huo ilikuwa desturi kuunguza sehemu ndogo ya ubongo, na kabla ya kuunguza, daktari alipitisha umeme kidogo kupitia ncha ya waya ili kuhakikisha amefika mahali panapostahili. Benabid aligundua kwamba umeme huo ukipigwa kwa kasi ya takriban mipigo 100 kwa sekunde, mtetemeko ulikoma papo hapo, na ukizimwa, ulirudi. Kwa nini basi kuunguza kitu kisichoweza kurejeshwa, ilhali waya ungeweza kuachwa pale pale na kuunganishwa na betri?

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha tiba hiyo kwa mtetemeko mwaka wa 1997 na kwa ugonjwa wa Parkinson mwaka wa 2002. Tangu hapo zaidi ya watu laki moja duniani wamewekewa vifaa hivyo. Nyaya mbili nyembamba, zisizozidi milimita moja na nusu kwa unene, huingizwa kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye fuvu. Waya mwingine hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri iliyozikwa chini ya mtulinga, mfano wa kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Daktari huamua nguvu ya umeme kwa kutumia chombo kinachowasiliana na betri hiyo kutoka nje ya mwili. Upasuaji huo una hatari zake, hasa damu kuvuja ndani ya ubongo na maambukizi.

Kutoka mkono unaotetemeka hadi moyo uliovunjika ni safari ndefu, na aliyeifungua njia ni Helen Mayberg, mtaalamu wa maradhi ya neva. Kwa miaka kadhaa alikuwa akizipiga picha bongo za watu wenye huzuni na wale waliopona. Sehemu moja ndogo ilijitokeza tena na tena, iliyopewa nambari 25 katika ramani ya ubongo, ambayo iko ndani kabisa nyuma ya paji la uso. Mtu alipozama katika huzuni, sehemu hiyo ilifanya kazi kupita kiasi, alipopona, ilitulia. Mwaka wa 2003 jijini Toronto, Canada, Mayberg na daktari mpasuaji Andres Lozano walianza kuingiza nyaya hapo.

Ripoti yao ya mwaka wa 2005 ilihusu wagonjwa sita tu, lakini iliushtua ulimwengu wa tiba. Wagonjwa walikuwa macho wakati wa upasuaji, na umeme ulipowashwa baadhi yao walieleza kwamba utupu waliokuwa wakiuhisi umetoweka ghafla na kwamba rangi za vitu chumbani zimeng’aa. Baada ya miezi sita, wanne kati ya hao sita walikuwa wamepata nafuu kubwa.

Habari kama hizo huenea haraka kuliko tahadhari zinazoandamana nazo. Na tahadhari zilihitajika, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza kwa madaktari kuahidi kuponya akili kwa kupasua kichwa.

Mnamo 1935 jijini Lisbon, Ureno, Egas Moniz alianza kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Ripoti yake ya mwaka uliofuata ilihusu wagonjwa 20, na alidai kwamba saba walipona, saba wakapata nafuu na sita wakabaki walivyokuwa. Aliwafuatilia kwa muda mfupi tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Hayo hayakuzuia upasuaji huo kuenea, wala hayakumzuia Moniz kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1949. Nchini Marekani, daktari Walter Freeman aliufanya kuwa kazi ya dakika chache kwa kupitisha chuma chenye ncha juu ya jicho. Inakadiriwa kwamba aliwapasua takriban watu 3,500. Rosemary Kennedy, dada ya Rais John F. Kennedy, alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo mwaka wa 1941 akiwa na umri wa miaka 23, na hakuweza tena kujitegemea maishani mwake.

Kenya haikuwa kando ya historia hiyo, ingawa iliguswa kwa njia ya ajabu. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeisimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika makala mwaka wa 1951 akidai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana kitabia na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Ulikuwa upuuzi uliovishwa joho la sayansi, lakini haukubaki kwenye kabati: Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika mwaka wa 1953, na serikali ya kikoloni ikamwita aieleze saikolojia ya Mau Mau. Madai kwamba Mwafrika hajui kuhuzunika hadi kuugua yalichangia kwa miongo mingi kuwafanya watawala na madaktari wasiutafute ugonjwa huo ulipokuwa wazi machoni pao.

Wahenga husema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ni kumbukumbu hiyo iliyowafanya watafiti wa karne hii wasitake kurudia kosa la Moniz la kutangaza ushindi kwa kutegemea ushuhuda wa wachache. Kwa hivyo njia iliyochaguliwa ilikuwa ngumu zaidi. Kila mshiriki angefanyiwa upasuaji, kisha wengine wangewashiwa umeme na wengine wasiwashiwe. Si mgonjwa wala daktari aliyempima ambaye angejua nani yuko kundi gani.

Majaribio mawili ya aina hiyo yalifanywa Marekani, na yote mawili yaliangusha matumaini. Yale yaliyofadhiliwa na kampuni ya Medtronic yalihusisha watu 30 na sehemu nyingine ya ubongo. Baada ya wiki 16, walioonyesha nafuu walikuwa asilimia 20 ya waliowashiwa na asilimia 14 ya ambao hawakuwashiwa. Yale ya St. Jude, yaliyolenga sehemu ile ile ya Toronto, yaliwapa umeme watu 60 na kuwaacha 30 bila umeme kwa miezi sita. Walioonekana kupata nafuu, yaani dalili zao zilipungua kwa angalau asilimia 40, walikuwa 12 katika kundi la kwanza na watano katika la pili. Ni asilimia 20 dhidi ya 17. Tofauti hiyo haina maana yoyote kitakwimu.

Je, hii inamaanisha kwamba tiba yenyewe ni njozi? Hapana, na hapa ndipo uchambuzi wa juu juu hupotoka. Matokeo ya St. Jude yalipochapishwa kikamilifu mwaka wa 2017, yalionyesha jambo jingine. Baada ya miezi sita ya mwanzo, washiriki wote waliwashiwa umeme na wakaendelea kufuatiliwa. Kufikia mwaka wa pili, takriban nusu yao, asilimia 49, walikuwa wamepata nafuu, na asilimia 26 walikuwa karibu kupona kabisa. Hawa walikuwa watu ambao kipindi cha ugonjwa walichokuwa nacho kilikuwa kimedumu kwa zaidi ya miaka kumi kwa wastani. Watu wa namna hiyo hawaamki asubuhi moja wakawa wazima bila sababu.

Wenye shaka watajibu, na wana haki ya kujibu, kwamba katika kipindi hicho cha pili hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mgonjwa anayejua kifaa chake kinafanya kazi, anayeonana na madaktari mara kwa mara na anayejua amepigania nafasi hiyo, anaweza kupata nafuu kwa matumaini tu. Matumaini ni dawa pia, ila hayahitaji kutoboa fuvu.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Uholanzi. Watafiti huko waligeuza utaratibu juu chini. Badala ya kuanza na ulinganishaji mara baada ya upasuaji, waliwapa wagonjwa wao 25 takriban mwaka mzima wa kurekebishiwa umeme hadi kipimo kimfae kila mmoja. Kumi kati yao walipata nafuu kubwa. Kisha, kwa washiriki 16 waliokubali, kifaa kiliwashwa kwa kipindi fulani na kuzimwa kwa kingine bila wao kujua. Kilipozimwa, hali zao zilikuwa mbaya zaidi kuliko kilipokuwa kimewashwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka wa 2016, yanaelekeza kwamba huenda majaribio ya Marekani yaliuliza swali sahihi kwa wakati usiofaa. Mtetemeko wa mkono hukoma kwa sekunde. Sonona ya miaka kumi huenda ikahitaji mwaka.

Suala jingine lilikuwa la mahali. Ubongo wa mtu mmoja haufanani kabisa na wa mwingine, na nyaya zilizowekwa kwa kufuata ramani ya jumla huweza kukosa njia za neva zinazokusudiwa. Mayberg na wenzake walianza kuchora ramani ya kila mgonjwa kabla ya kumpasua. Katika kundi la watu 11 lililoripotiwa baadaye, wanane walipata nafuu kwa miezi sita na tisa kwa mwaka mmoja. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka wa 2019 uliwafuatilia wagonjwa 28 kwa muda uliofika miaka minane, na nusu au zaidi yao waliendelea kuwa na nafuu mwaka baada ya mwaka. Haya ni makundi madogo, na hayakuwa na watu wa kulinganisha nao. Hata hivyo, ugonjwa unaosifika kwa kurudi ulionekana kukawia kurudi.

Ya karibuni zaidi yanasisimua. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliripoti kuhusu mgonjwa mmoja aliyewekewa kifaa kinachousikiliza ubongo na kutoa umeme pale tu dalili ya huzuni inapojitokeza, kisha kunyamaza. Mwaka wa 2023, kundi lililomshirikisha Mayberg lilieleza kwamba limepata alama ya umeme ndani ya ubongo inayotofautisha ugonjwa na kupona. Kati ya wagonjwa kumi, tisa walikuwa na nafuu baada ya wiki 24 na saba walikuwa wameuepuka ugonjwa kabisa. Mmoja wao aliugua tena baadaye, na data ilipochunguzwa, alama hiyo ilikuwa imebadilika takriban mwezi mmoja kabla ya yeye mwenyewe au madaktari kugundua.

Kutokana na hayo, gurudumu limeanza kuzunguka upya. Kampuni ya Abbott, iliyoinunua St. Jude mwaka wa 2017, ilipewa na FDA mnamo 2022 hadhi maalumu ya kuharakishiwa uchunguzi wa kifaa chake kwa ajili ya sonona sugu, na mwaka wa 2024 ikatangaza majaribio mapya yatakayohusisha takriban watu 100. Sonona ingali nje ya orodha ya maradhi ambayo FDA imeyaidhinishia tiba hii.

Watu wengine wapatao mia moja watatobolewa mafuvu. Na hapa swali la 2013 linarudi.

Majaribio yanapoendelea, aghalabu mfadhili hugharamia kila kitu: upasuaji, kifaa, safari za kliniki na marekebisho. Majaribio yakiisha, mgonjwa aliyepona hubaki na kifaa chenye betri, na betri ina umri. Zile zisizochajiwa huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na matibabu ya sonona huweza kuzimaliza upesi kwa sababu mara nyingi hutumia umeme mwingi. Kila badiliko ni upasuaji mwingine. Tangu mwanzo hadi mwisho, gharama huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mgonjwa akiikimbilia kampuni yake ya bima, aghalabu huambiwa kwamba kifaa hicho kingali cha majaribio na kwa hivyo hakilipiwi. Akimwendea mfadhili, hukumbushwa fomu aliyoitia sahihi. Akimwendea daktari wake, humkuta mtu mwenye nia njema lakini asiye na bajeti.

Ni kweli kwamba ulimwengu wa utafiti una mwongozo wake mkuu wa maadili, Azimio la Helsinki, na kwamba tangu mwaka wa 2000 mwongozo huo umegusia haki ya washiriki baada ya utafiti kukamilika. Toleo la Oktoba 2024 linataka mipango hiyo iwekwe kabla ya majaribio kuanza. Lakini soma kwa makini ni nani anayelindwa. Ni yule anayeendelea kuhitaji tiba ambayo majaribio yamebaini kuwa na manufaa na usalama wa kuridhisha. Yamebaini kwa nani? Ikiwa kipimo ni wastani wa kundi zima, basi majaribio ya St. Jude hayakubaini manufaa yoyote, na mtu ambaye maisha yake yaliokolewa na kifaa hicho hana pa kusimamia. Amepona kupitia tiba ambayo rasmi haiponyi. Mwanya huo haukuachwa kwa ubaya. Mwongozo uliandikwa hasa na watu waliokuwa wakifikiria vidonge, na kidonge kikikatizwa hakibaki ndani ya fuvu.

Yapo mambo ya karibuni yanayoonyesha kwamba hofu hii si ya kinadharia. Kampuni ya Second Sight ya California ilitengeneza kifaa cha kuwawezesha vipofu wa aina fulani kuona mwanga na maumbo, na zaidi ya watu 350 duniani wakawekewa machoni. Mwaka wa 2020 kampuni hiyo iliishiwa na fedha na kuwafuta kazi wafanyakazi wake wengi. Wateja wake walibaki na vifaa visivyo na fundi wala vipuri. Mtu ambaye kifaa chake kiliharibika alirudi gizani kwa mara ya pili. Kwa mgonjwa wa sonona, kurudi gizani kunaweza kuwa jambo la kufisha, na madaktari wanakumbuka visa vya betri kuisha ghafla na huzuni kurudi kwa kasi.

Afrika nayo imeionja hali ya namna hii katika nyanja nyingine. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya USAID mapema 2025, tafiti kadhaa zilikatizwa katikati. Nchini Afrika Kusini, wanawake waliokuwa wakijaribu pete ya silikoni ya kuzuia virusi vya ukimwi waliambiwa warudi kliniki ikaondolewe. Pete huondolewa kwa dakika moja. Waya uliozama ubongoni hautolewi bila kufungua tena kichwa, na upo wakati ambapo madaktari huona ni salama zaidi kuuacha humo ukiwa umekufa.

Wapo wanaosema kwamba kuyabebesha makampuni mzigo wa maisha yote ya mgonjwa kutayafukuza, na wagonjwa wa sonona sugu wasipate tiba yoyote mpya. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa ubongo una hasara nyingi na faida chache, na baada ya 2013 wawekezaji wengi waliuona kama shimo. Lakini haiwezekani kwamba hatari yote ya kibiashara imwangukie mtu mmoja aliye dhaifu kuliko wote katika mkataba huo. Kuna njia za katikati. Mfadhili anaweza kulazimishwa kutenga fedha kabla ya mgonjwa wa kwanza kupasuliwa, katika hazina ambayo haitaguswa hata kampuni ikifilisika au ikinunuliwa. Viunganishi vya nyaya na betri vinaweza kufanywa vya aina moja, ili kifaa cha kampuni moja kipate betri ya nyingine. Bima zinaweza kutakiwa kuutofautisha ombi la kuanza tiba ya majaribio na ombi la kuiendeleza kwa mtu ambaye imekwisha kumfaa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji ugunduzi mpya wa kisayansi.

Limebaki suala la ridhaa yenyewe, ambalo ni gumu kuliko la fedha. Mtu aliyeugua sonona kwa miaka kumi na ambaye kila tiba imemshinda anapoambiwa kwamba kuna kifaa kinachoweza kumsaidia, ni sharti gani atakataa? Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wagonjwa hawa huelewa wanachoambiwa. Ugonjwa haujawanyang’anya akili. Kile ambacho umewanyang’anya ni uwezo wa kujiona katika siku za usoni. Ukimwambia mtu ambaye haamini ataishi hadi mwaka ujao kwamba betri yake itahitaji kubadilishwa baada ya miaka minne, atatia sahihi bila kuuliza bei. Hilo halimfanyi kuwa mjinga. Linamfanya kuwa mtu ambaye mwingine anapaswa kumwulizia.

Mwingine huyo ni kamati ya maadili inayoupitia mpango wa utafiti kabla haujaanza. Kazi yake aghalabu hulenga hatari za chumba cha upasuaji: damu, maambukizi, kifafa. Mshiriki mwenye umri wa miaka 40 anayewekewa kifaa leo, na kikamfaa, atapasuliwa tena mara kadhaa kabla ya kufikia umri wa kustaafu, katika miaka ambayo mtafiti aliyemsajili huenda amehamia chuo kingine na kampuni iliyomfadhili inaitwa jina jingine. Kamati inaweza kudai kuonyeshwa, kwa maandishi na kwa kiasi cha fedha, ni nani atakayelipia upasuaji wa pili, wa tatu na wa nne, na ikikosa kuonyeshwa, ikatae kutoa kibali.